Salamu kwa Mti

Kwenye kivuko cha kutoka Sengerema, mwanaume aliyeketi mbele yangu alikuwa akimsimulia mama mmoja kuhusu kambi ya wanaume aliyohudhuria porini. Walifundishwa kuwasha moto kwa vijiti, na kuusalimia mti kabla ya kukata tawi.

“Mti ukaitikia marahaba?” mama akacheka. Mimi nikajifanya natazama maji.

“Usinicheke, mama. Marehemu baba, hapo Sengerema, alikuwa akiisalimia miti akichimba mizizi ya dawa. Nikamwita mshirikina, hata ugali wake nikaukataa mpaka anafariki. Juzi mwalimu aliposema tusalimie, nikawa wa kwanza.”

“Rudi kaburini, kamwombe msamaha.”

“Kuongea na kaburi si ushirikina huo?”

“Mti umeweza kuuamkia, baba yako ndiyo unashindwa?”

Kivuko kikafika gatini Mwanza. Watu wakashuka. Yeye alibaki ameketi, akitazama tulikotoka.