Godelieve Kalenga na Vijana Kumi na Mmoja wa Lupango Wake

Mama Godelieve Kalenga alizaliwa Kasaji tarehe 14 Machi 1968, binti wa baba yetu, tata Kabemba, fundi wa reli, na mama Blandine. Mimi Hénock ninayewasomea ni mdogo wake. Alinibeba mgongoni nikiwa mchanga, kwa hiyo mtanivumilia sauti ikikatika.

Alisoma shule ya msingi Kasaji, kisha ualimu hapa Kolwezi, akapata diploma mwaka 1988. Alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita. Wengi wenu mnaochimba madini leo, ndiye aliyewafundisha kuandika majina yenu.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na tata Mathieu Muteba, fundi umeme, aliyetutoka mwaka 2011. Walizaa Dimitri, Honorine na, mwaka 2006, Abigaël. Abigaël hakusema neno. Daktari alisema ni usonji. Sisi wa ukoo tukasema ni uchawi. Mwaka 2014, mama yake akiwa kazini, mimi ndiye niliyempeleka mtoto kwenye chumba cha maombi. Alifungiwa siku tatu bila chakula ili pepo amtoke. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alipopajua, alivunja kufuli kwa jiwe, akamtoa. Aliniangalia, akasema, "Hénock, na weye pia?"

Mwezi huohuo aliacha shule, akafungua lupango wake, yaani ua wa nyumba yake, kwa watoto wa namna hiyo. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Ule mutoto munafichaka, jina yake nani?" Wamama walikana, kisha walilia, kisha walimtoa. Aliwafundisha watoto hao kuoga, kusonga bukari, yaani ugali, kuvuka barabara. Siku moja mgeni alicheka kumwona Abigaël akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari mrefu. Mama Godelieve akamjibu, "Ule iko natumika kazi. Weye uko nafanya nini?" Mgeni yule alipewa ufagio, akafagia.

Oktoba 2023 alikutwa na uvimbe kwenye ziwa. Akaambiwa aende Lubumbashi kutibiwa wiki sita. Alituita wote. "Wiki sita tu. Nani atabakia na bale batoto?" Dimitri alisema kazi, Honorine alisema mimba, mimi nilisema mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa, jamani. Basi hakwenda. Aliendelea kufungua mlango wa lupango kila asubuhi mpaka Februari mwaka huu, alipoanguka mbele ya vijana wake. Alifariki hospitalini hapa Kolwezi, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, akiwa na miaka 57.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyoshika. Jana familia ilipatana kwamba Abigaël afungiwe nyumbani, asije akatuaibisha mbele ya wageni. Nilikubali, tena. Leo asubuhi nilishindwa kula, nikarudi kumfungulia. Ndiye huyu aliyeshika koti langu.

Karatasi inasema ameacha watoto wawili. Mwenye bic, kalamu yoyote, aongeze jina: Abigaël. Ameacha pia wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na vijana kumi na mmoja wa lupango. Abigaël anahamia kwangu leo. Hao wengine watakuwa mlangoni Jumatatu saa mbili, na mimi sijui hata nianzie wapi. Anayejua kitu, aje.

Apumzike sasa yaya wetu, kwa amani. Alichoka kutungoja.