Ndoano Mbili za Mzee Taa Nyekundu

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa umeme wa chuo chetu atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Ni wachache wanaokumbuka jina lililo kwenye faili lake. Sisi wa karakana tunamwita Mzee Taa Nyekundu, na hata mkuu wa chuo aliwahi kujisahau akamwita hivyo kikaoni.

Jina hilo amelitolea jasho. Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro ya nyaya, akapanda hadi kuongoza karakana, na njiani akapata adui mmoja: ile taa ndogo nyekundu inayobaki kwenye televisheni iliyozimwa kwa rimoti. Kwake huo ni wizi wa mchana kweupe. Ukimkaribisha kwako, kabla hajaketi keshainama nyuma ya meza, anachomoa kila kilicholala huku kinakula umeme. Wenyeji wake tumezoea kusalimiana na mgongo kwanza.

Mwishowe alichoka kuchomoa, akabuni. Ni ndoano ya kutundikia ufunguo, hufungwa ukutani karibu na mlango, na nyuma yake pana springi na swichi. Ukitundika ufunguo, uzito wake unawasha soketi za televisheni, redio na chaja. Ukiuchukua ukatoka, zote zinakatika. Friji ina soketi yake, haiguswi.

Ya kwanza aliifunga kwake mkewe akiwa safarini, na kwa furaha akasahau kumwambia. Mama alirudi, ufunguo wake akauweka mkobani kama siku zote, na televisheni ikawa inawaka jioni tu, mumewe akiwapo. Ilibebwa mara mbili kwa fundi wa televisheni, ikarudi mara mbili bila ugonjwa. Bingwa wetu wa umeme ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema imezeeka. Mara ya tatu fundi aliitwa nyumbani, akawa ameketi mbele yake anakuna kichwa, Mzee akaingia kufuata miwani aliyoisahau. Akatundika ufunguo, televisheni ikawaka. Anasema hajawahi kutazamwa vile na watu wawili kwa pamoja.

Mkewe alimuuliza kama yeye anayebaki ndani hahesabiwi kuwa mtu. Kisha akachukua kalenda ya zamani, akachora nyuma yake ndoano mbili: moja ya baba, moja ya mama, na umeme ukatike akitoka wa mwisho. Mzee alikuja na karatasi hiyo karakana.

Kamati ya nyumba za wafanyakazi ilikuwa imemkatalia mara mbili kufunga ndoano yake katika nyumba hizo, na alijua akistaafu bila idhini, kazi yake itarudi naye nyumbani ndani ya boksi. Hilo lilimkosesha raha. Mimi ninayetumia naye meza moja nilimwona akiacha chai ipoe. Mara ya tatu aliwapelekea karatasi ile ile ya kalenda. Wakampa nyumba nane za majaribio kwa miezi mitatu. Mita zikaonyesha matumizi yamepungua sehemu moja katika kumi. Leo ndoano mbili zimo katika nyumba zetu zote arobaini na moja, na kwenye cheti alichotunukiwa aliomba mkewe aandikwe kwanza. Tunajivunia mno kufanya kazi naye.

Karakana nayo ina ndoano mbili, yake na yangu. Tulimwomba ufunguo wake ubaki umetundikwa pale, uwe kumbukumbu. Akatuuliza kwa masikitiko miaka yote hii alikuwa anamfundisha nani. Ufunguo ukibaki, taa nyekundu hazitazimika kamwe. Basi ataondoka nao kwa ruhusa ya mkuu wa chuo, ndoano yake itabaki tupu, na kila jioni nikitoka mimi, karakana itazimika yote.

Asante, Mzee, na asante, Mama. Tunawaombea afya, siku nyingi za kukaa pamoja, na televisheni inayowaka hata mchana.