Mbwa wa Dorcas Hakuwa na Kosa

Sogeeni wanangu. Kafedha, keti hapa kichwani pangu, nawe Mussab weka hiyo simu, maana mama yenu anasema akiwa na akili zake timamu, na atakayelia atoke nje, sitaki kulowana.

Nyumba hii ya Mtongwe mtaigawa kama sharia inavyosema, na mbuzi sita ni wa Kafedha, Mussab amekwisha kuridhia, maana yeye akimwona kupe hukimbia. Lakini mbuzi hao wana sharti. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi waogeshwe dawa, kwa kipimo alichotuandikia daktari wa mifugo, na siku hiyo hiyo jirani yetu Dorcas ampake mbwa wake dawa ya mbwa, la sivyo kupe watavuka ua na kurudi. Paka msimpake dawa ya mbuzi, atakufa. Na kupe msimpasue kwa kucha kama nilivyozoea mimi, mtajitia maradhi.

Mussab, nasikia wataka kuziba kwa matofali mlango wa ua baina yetu na Dorcas, eti mbwa wake atuletea wadudu. Usiuzibe, baba. Mwaka ule mwanao Samah alipojaa vipele miguuni, niliapa ni viroboto wa mbwa yule, nikamwita Dorcas mchafu mbele ya watu bombani, nikamnyima salamu miaka miwili. Kwetu mbwa haingii ndani, nikaona huo ni ushahidi tosha. Mwishowe Dorcas mwenyewe ndiye aliyemleta daktari wa mifugo. Daktari akampekua mbwa, hana kiroboto hata mmoja. Kisha akamtwaa paka wangu Sukari, aliyejilaza kwenye mto wangu, akamchana kwa kitana, na wallahi viroboto wakanirukia buibui. Nanyi nikawaambia daktari hakuona kitu. Dorcas hakunicheka, alileta maji ya moto tukafua mashuka pamoja. Nami sijamwomba radhi hata leo, kwa kiburi tu, na jambo hilo lanikaa kifuani kuliko haya maradhi.

Hitima yangu ikiangukia Jumamosi ya dawa, mbuzi waoge kwanza, wageni watangoja. Mungu awape umri, awape riziki, awape na wajukuu wasiojikuna. Nipe maji, Kafedha... basi, yatosha.

Sauti yanipotea. Nenda kamwite Dorcas. Mwambie aje na mbwa wake... abaki pale kizingitini, nimwone. Naye pia nilimsingizia.