Mrudishe Yule Mume

Kijana wa kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mwenye kitabu kinene kama tofali, alikuwa akimweleza fundi cherehani aliyekaa naye kwamba anaigeuza riwaya hiyo ya Kirusi kuwa filamu ya siku hizi. "Mke anamsubiri mumewe miaka mingi. Sasa dada, leo kuna simu. Atasubiri nini?"

"Nani kakudanganya?" Fundi aliukumbatia mfuko wake wa vitambaa. "Wangu yuko ughaibuni. Kila jioni naweka picha yangu kwenye simu, naona ameitazama. Neno hasemi. Jana nimevaa gauni jipya. Katazama, kanyamaza."

Mimi nikajifanya nachungulia dirishani, kama kila mwenye masikio ndani ya basi lile.

"Hilo nitaliweka," kijana akasema.

"Weka. Ila mwishoni arudi."

"Kitabuni harudi, dada."

"Aliyeandika si kafa zamani? Atakushitaki nani?"

"Nitakuwa nawadanganya watazamaji."

"Tudanganye, mdogo wangu. Kiingilio si tumelipa?"

Basi likaingia kituo cha mwisho, watu wakasimama. Kijana bado anabisha: "Haya, arudi. Amwambie nini mkewe?"

"Asiseme kitu. Abishe hodi tu, mengine nitamuuliza mimi."

Tukashuka.