Wanafunzi wa Mama Mto Hawakuwa na Mtihani Wowote

Dada wa marehemu aliombwa mara tatu kuandika habari hizi za kusomwa mazikoni, na mara zote tatu alikataa. Yeye aliishia darasa la nne, herufi zake zinaegemeana kama watu wanaosinzia kwenye benchi, na miwani yake ina kioo kilichopasuka. Wenye kalamu nzuri wamejaa ukoo mzima. Lakini kamati ya mazishi ikamng'ang'ania: "Ni wewe peke yako uliyekuwapo alipozaliwa," kana kwamba kuzeeka ni cheo. Kisha mwanawe, huyu mwenye kompyuta, akaja na masharti. "Mama, nusu ukurasa inatosha. Kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa, basi." Dada akamwambia nusu ukurasa ni ya tangazo la kuku aliyepotea. Kwa hiyo mtavumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1955, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yao alikuwa fundi viatu, mama yao dobi, na watoto walikuwa hao wawili tu. Dada yake alikuwa na miaka tisa. Mkunga alimtuma achemshe maji, naye akayachemsha mpaka yakakaukia sufuriani, maana hakuna aliyemwambia aache. Mama yao alipofariki mwaka 1958, mtoto alihamia mgongoni kwa dada yake, na dada akaacha shule. Jambo hilo dada amelisema mara nyingi mno maishani, hata katika vikao ambavyo hakuna aliyemuuliza.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1969, na sekondari hadi 1973. Alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mwepesi zaidi. Dada yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshashika cherehani na kushona mapazia, alitaka awe karani wa benki, mtu wa kukaa chini ya feni. Msichana akasema anataka uuguzi.

"Uuguzi? Ukamwage vyoo vya watu?"

"Dada, na vyangu ulivimwaga wewe."

Januari 1974 marehemu aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1976.

Alianza kazi mwaka 1977 katika wodi ya upasuaji ya wanawake. Alikuwa muuguzi mzuri, lakini kazi yake hasa aliikuta mwaka 1985, ndani ya stoo ya mashuka. Siku hiyo mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliangusha sinia la vifaa, na msimamizi wa wodi akamfokea mbele ya wagonjwa ishirini na wanne. Msichana akakimbilia stoo kulia. Marehemu alimfuata, akafunga mlango, akachukua shuka, akamwambia, "Machozi baadaye. Kwanza nionyeshe unavyolishika sinia." Wakafanya mazoezi humo na sinia lenye mashuka yaliyokunjwa mpaka mikono ya msichana ikatulia. Kesho yake walikuja wawili. Baada ya mwezi walikuwa saba, kila mapumziko ya mchana, wamebanana kati ya rafu. Msimamizi akawafumania.

"Hapa ni stoo au darasa?"

"Ni stoo, mama. Lakini mashuka hayajalalamika."

Msimamizi alicheka bila kupenda, na yeye huyo huyo ndiye aliyempendekeza kwenda kusomea ualimu wa wauguzi. Marehemu alisoma miaka miwili, akarudi chuoni kufundisha mwaka 1988. Alifundisha mpaka alipostaafu mwaka 2015, kisha akaendelea kusimamia mafunzo ya vitendo kwa miaka sita mingine, kwa kuwa hakujua pa kuipeleka mikono yake.

Darasani kwake, kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa, alilazwa yeye kitandani saa nzima bila kujigeuza wala kujikuna, ajue kulala kwa kushindwa kukoje. Aliwafundisha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, na kuchora mishale kwenye karatasi ukutani: kushoto, chali, kulia. Na kila alipoingia wodini swali lake la kwanza lilikuwa, "Mto uko wapi?" Kati ya magoti mto, nyuma ya mgongo mto, chini ya vifundo mto. Wakamwita Mama Mto. Dada yake aliposikia jina hilo alidhani ni mto wa maji, akawa anawasimulia majirani kwamba mdogo wake anasifiwa kwa kutulia kama mto. Marehemu alimwacha aendelee hivyo karibu mwaka mzima, kwa raha zake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980 na dereva wa gari la wagonjwa. Bwana huyo alimposa wakiwa wamebeba machela, yeye mbele, marehemu nyuma. "Unaonaje tukibeba pamoja mpaka uzeeni?" Marehemu akamjibu, "Kwanza mshushe mgonjwa." Mgonjwa ndiye aliyewahi kusema ndiyo. Walikaa pamoja kwa mapenzi miaka ishirini na tisa, mpaka bwana alipofariki mwaka 2009. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa. Marehemu aliwaita wanafunzi wake "watoto wangu", na hakuwa anatania.

Hapo ndipo dada yake alipoumwa. Siku ya kumuaga kazini, ukumbi ulijaa wauguzi wa kila umri, wengine wana mvi, na wote wanamwita mama. Dada alikaa safu ya mbele na gauni jipya, akipiga makofi, huku moyoni anasema: huyu nimembeba mimi. Ninyi mmemkuta anatembea. Kijicho hicho alikitunza vizuri sana, kama watu wanavyotunza vyombo vya wageni.

Tarehe 2 Oktoba 2022 marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulilala kabisa, ila maneno yalibaki, polepole. Tarehe 12 Januari 2023 alitolewa hospitali, akapelekwa nyumbani kwa dada yake. Kabla hajatoka alikubaliana na mkuu wa chuo kwamba wanafunzi sita wa mwaka wa pili watakuwa wakija kwa zamu kuanzia katikati ya Januari, kumhudumia na kujifunza. "Nitakuwa somo la mwisho," alisema, na alifurahi kama anayeandaliwa sherehe.

Wanafunzi walikuja tarehe 13 Januari 2023, wamevaa sare nyeupe, na karatasi ya mishale imeshachorwa. Dada aliwakuta mlangoni. Kiongozi wao, msichana mrefu, alisema, "Shikamoo, bibi. Tumekuja kwa mwalimu."

"Mmekuja kujifunzia mgonjwa wangu?"

"Ametuita mwenyewe, bibi."

"Amelala. Na huyu si mwanasesere wa chuo chenu."

Wakarudi kesho yake. Akawajibu kupitia dirishani. Siku ya tatu alipokea karatasi, akasema ataibandika, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa cherehani inayoyumba. Hawakuja tena.

Ndani, marehemu alikuwa akisikiliza mlango. "Dada, watoto wangu hawajaja?"

"Hawajaja."

"Labda wana mitihani."

"Labda."

Aliuliza hivyo kila siku, na kila siku akajibiwa hivyo. Dada alimwosha na kumlisha peke yake, na isemwe ukweli, siku zile alikuwa na furaha. Mdogo wake alikuwa wake tena.

Lakini dada ni fundi wa mapazia. Alijua kumwosha mtu, hakujua kumgeuza. Alimlaza ubavu ule aliodhani unampa raha, akamwacha hapo, asubuhi mpaka jioni; marehemu alipoomba ageuzwe, dada alimsogezea mto tu, akidhani ndiko kugeuza. Siku ya sita aliona wekundu kwenye nyonga, akapaka poda na kusugua kwa nguvu, kama anayetoa doa kwenye kitambaa. Marehemu akasema, "Usisugue, dada. Pamechubuka?"

"Hata. Ni wekundu kidogo."

Palikuwa pameshachubuka. Siku ya saba, tarehe 20, palikuwa na shimo.

Dada alijitanda khanga, akaenda kwa miguu mpaka chuoni. Chumba cha mazoezi kina vitanda vinane, na wale sita walikuwa humo wakikunja mashuka. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini alipofika alisema moja tu: "Kidonda." Msichana mrefu hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza, "Kina ukubwa gani, bibi?" Dada akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Wote sita wakachukua mikoba yao, na njiani walikuwa wakitembea mbele, yeye nyuma, akihema.

Walipoingia chumbani marehemu aliwatazama mmoja mmoja. "Mmechelewa siku saba. Sababu?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Msichana mrefu alimtupia jicho mara moja, kisha akasema, "Tulikuwa na mitihani, mwalimu."

"Mtihani gani unaomzidi mgonjwa?"

"Tusamehe, mwalimu."

Marehemu aligeuza uso ukutani. Tangu saa ile aliwafundisha kila kitu: kusafisha kidonda, kumgeuza, kupanga mito, hata namna ya kusubiri mgonjwa mzito wa maneno amalize sentensi. Kidonda kilianza kufunga. Lakini hakuwaita tena "watoto wangu". Aliwaita "wanafunzi". Na alimwandikisha mmoja wao barua kwa mkuu wa chuo, neno kwa neno, kwamba kundi hili lina mikono mizuri ila si la kutegemewa. Msichana mrefu ndiye aliyeshika kalamu. Aliandika yote, akaomba dole gumba la mwalimu, akaipeleka mwenyewe. Dada alikuwapo, ameshika beseni.

Siku kumi na tisa. Dada alikuwa na siku kumi na tisa za kusema maneno matatu: mimi ndiye niliyewafukuza. Aliyafikisha kooni kila asubuhi, akayameza na chai. Tarehe 8 Februari 2023, saa kumi na dakika kumi jioni, kiharusi cha pili kilimchukua marehemu akiwa amelazwa ubavu wa kulia, mto kati ya magoti, wanafunzi wawili kando yake. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Jioni ile dada alimvuta msichana mrefu jikoni, akamuuliza kwa nini alidanganya.

"Ndivyo alivyotufundisha, bibi. Ndugu wa mgonjwa haaibishwi mbele ya kitanda. Mgonjwa analishwa kwa mkono wake."

Basi sasa hakuna kitanda. Mwanawe aliposoma sehemu hii aliomba iondolewe: "Mama, watu watasemaje?" Watu wameshasema. Wamesema msibani, na vikombe mkononi, kwamba wale watoto wa chuo walimtelekeza mwalimu wao. Dada alikuwa akipita na sinia la chai na hakusema neno. Isomwe kama ilivyo. Wanafunzi wale hawakuwa na mtihani wowote. Walikuja mlangoni siku tatu mfululizo, na aliyewafukuza ni dada wa marehemu, kwa kijicho chake. Marehemu amekwenda akiwadhania vibaya watu waliompenda, na hilo haliwezi kurekebishwa hata kwa machozi ya mwaka mzima.

Marehemu ameacha dada mmoja, mtoto mmoja wa dada yake pamoja na mkewe, wajukuu watatu, na wauguzi aliowafundisha kwa miaka thelathini na tatu, ambao hakuna mwenye hesabu yao. Ameacha pia watoto sita, wa mwaka wa pili. Kamati iliwasahau kwenye orodha. Dada amewaandika kwa mkono wake, na nafasi yao ni kabla ya yake.

Mdogo wangu, pumzika. Umechoka kwa ajili ya wengi.

Na wewe mkuu wa chuo, ile barua unayo. Ichane leo, hapa hapa, waione. Na ninyi wa ukoo mliokaa chini ya turubai na karatasi hii mikononi, watoto wake wamesimama nyuma, juani. Inukeni. Wapisheni waje mbele.