Mzee Komeo, Aliyefunga Mlango Kengele Ilipokoma

Marehemu tunayemzika leo, ambaye jina lake la vyeti liko juu ya picha na jina lake la watu ni Mzee Komeo, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 12 Juni 1956, katika nyumba ya chumba na sebule iliyokuwa kando ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinda kizuizi: treni ikikaribia anashusha kile chuma kirefu kukata barabara, ikishapita anakiinua. Mama yake alishona mashuka ya hospitali kwa cherehani ya mguu.

Watoto walikuwa wameandika wasifu wake, mzuri, wa mistari kumi na miwili, unaosema baba yao alilitumikia taifa kwa uadilifu. Nikawauliza, alilitumikia akiwa ameshika nini mkononi? Wakaniachia kalamu. Kwa hiyo anayesoma ni mwanawe mkubwa, lakini maneno ni yangu mimi mjane wake, na mkiona nimekaa sana penye utoto mnivumilie, maana huko ndiko alikotengenezwa.

Marehemu alipokuwa na miaka tisa, baba yake aliinua kizuizi kwa ajili ya muuza maziwa mmoja waliyefahamiana naye, aliyembembeleza kwamba maziwa yanaharibika na jua. Alidhani treni bado iko mbali, kumbe imefika. Marehemu ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia mke wa muuza maziwa. Hakuwahi kunisimulia alimwambiaje. Alichosema ni hiki tu: "Niliporudi nilimkuta baba amekaa chini ameshika ule mnyororo wa kizuizi, na hakuuachia mpaka kesho yake."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 akamaliza la saba mwaka 1970. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila miaka saba yote hakuchelewa hata siku moja, na mwalimu mkuu akamkabidhi kengele ya shule. Nafasi ya kuendelea hakuipata. Akaingia kwenye karakana ya seremala, akajifunza bawaba, vitasa na makomeo mpaka akavijua kama mtu anavyozijua nywele za mama yake.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa Bungeni kufagia korido. Mwaka 1983 alipewa mlango mkubwa wa ukumbi, na huo ndio alioushika mpaka mauti yalipomfika. Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni hii. Wabunge wanapotaka kupiga kura, kengele inalia dakika sita ili walio nje waingie. Kengele ikikoma, mlinda mlango anafunga kwa ufunguo. Aliyebaki nje amebaki nje, hata awe waziri, na kura inapigwa bila yeye. Asubuhi marehemu alikuwa akipaka nta ya mshumaa kwenye ulimi wa kitasa na kujaribu ufunguo mara tatu. Alisema mlinda mlango anatazama saa, hatazami sura. Wabunge walipomnung'unikia aliwajibu, "Asiyekuwepo na lake halipo, mheshimiwa." Wao ndio waliompa jina la Komeo. Walidhani wanamtukana, naye akalipenda.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Aprili 1979. Mimi natoka nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka. Wakati huo nchi zetu zilikuwa zimeshaingia kwenye Shirikisho, na mtu alikuwa anavuka mpaka kama anavyovuka uwanja wa nyumba yake. Siku ya ndoa lori lililonibeba mimi na shangazi zangu lilipasua gurudumu mara mbili. Karani wa ndoa alikuwa amekwisha kufunga daftari lake, anataka kwenda zake. Marehemu akaweka kiatu mlangoni. Karani akisukuma, kiatu kipo. Akasimama hivyo dakika arobaini mpaka nikafika na vumbi langu. Miaka yote nikimkumbusha kwamba siku hiyo aliushikilia mlango, alikuwa akinijibu, "Ule haukuwa mlango wangu." Wifi yangu alisema hapohapo kwamba ndugu yake ameoa mzigo wa kuvukishwa. Wifi, nakusikia unavyocheka, najua unakumbuka.

Hapa nikiri na la kwangu. Mara tatu marehemu aliniletea fomu za uraia, kurasa nne nne. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa shida, na sikutaka karani yeyote anijazie huku ananitazama. Nikasema siwezi kuomba kibali cha kukaa kwenye nyumba niliyoipiga lipu kwa mikono yangu. Zile fomu nilizitandika kwenye rafu za kabati la vyombo. Sasa hazipokelewi tena mpaka Bunge liamue.

Mambo yalivyokwama mnajua wote. Wananchi waliulizwa kama nchi ijitoe kwenye Shirikisho, na waliosema itoke wakashinda kwa kura za kuhesabika. Namna ya kutoka ikapelekwa Bungeni, na Bunge likagawanyika. Wapo waliotaka tutoke leo leo, wapo waliotaka tutoke polepole, wapo waliotaka tusitoke kabisa, na hakuna kundi lililotosha kuwashinda wengine. Septemba 2021 walipiga kura, ikashindikana. Oktoba hivyohivyo. Desemba, Januari. Marehemu alitakiwa kustaafu tangu Juni 2021, ofisi ikamwomba abaki mpaka jambo hili liishe kwa kuwa wageni hawaujui ule mlango. Nikamwambia, "Basi wewe utastaafu ukiwa maiti." Ulikuwa utani. Leo naumeza.

Hofu ikahamia kwetu. Mwenye duka, aliyeniita mama kwa miaka ishirini, akaanza kuniuliza kwa upole, "Mama, hivi ninyi wa kule mmepewa mpaka lini?" Mlango ukigongwa tulitazamana kwanza ndipo tukaitikia. Nikiingia sebuleni redio inapunguzwa, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Wala si kwamba kuna aliyesema nitafukuzwa. Hakuna aliyesema lolote, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nikapanga nguo zangu kwenye begi, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumba, ili siku wakija wasinikute nahangaika. Jioni marehemu akirudi kazini alikuwa analifungua, anazitoa nguo moja moja, anazirudisha kabatini. Asubuhi akiondoka mimi nazipanga tena. Tulikwenda hivyo miezi sita na hatukulizungumza hata mara moja.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Machi 2022, nilikuwa namfunga vifungo vya koti. Siku hiyo hoja ilikuwa ya kufuta kabisa safari ya kutoka. Ingepita, ningelala. Nikamwambia, "Baba watoto, leo ukiona mtu anakuja mbio, usiwe na haraka na huo ufunguo."

Akaniambia chai imepoa.

Mheshimiwa mmoja mwanamke, wa kundi lililotaka nchi ibaki, alikuwa amecheleweshwa kliniki alikokwenda kwa ajili ya nyonga yake. Yuko hapa leo, mstari wa pili, mwenye fimbo. Nusu ya haya amenisimulia yeye, nusu alinisimulia marehemu, na hayakupishana. Alitokea mwisho wa korido kengele ikiwa bado inalia. Akapaza sauti, "Komeo, baba, nishikie hapo." Marehemu alimwona. Kengele ikakoma mheshimiwa akiwa amebakiza hatua kumi. Marehemu akafunga.

Mheshimiwa alifika akagonga mlango kwa fimbo mara tatu. Kisha nguvu zikamwisha, na marehemu akampa kiti chake mwenyewe.

"Mke wako si wa kule?" mheshimiwa akamwuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na kura yangu unaijua."

"Mlango hauijui, mheshimiwa."

Anasema marehemu hakuuachia ule ufunguo mpaka mlango ulipofunguliwa. Mle ndani kura zikalingana, sawa kwa sawa. Kwa kanuni zao, kura zikilingana hoja imeanguka. Kwa hiyo nchi haikutoka, na haikubaki.

Aliporudi nilikuwa nimeshasikia kwenye redio.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alibakiza hatua ngapi?"

"Kumi." Akavua kofia. "Labda tisa."

"Tisa," nikasema. Nikamwekea chakula mezani na sikusema naye siku kumi na moja. Nikitaka kumwambia kitu nilimwambia sufuria, naye akamjibu sufuria kwa adabu. Lakini siku hizo zote kumi na moja, kila jioni, begi lilifunguliwa na nguo zikarudi kabatini.

Mkiniuliza leo kama alifanya sawa, sitawadanganya mbele ya jeneza lake. Mimi ningemshikia yule mama mlango. Ila asije mtu akasema Komeo hakumpenda mkewe. Aligeuza ufunguo huku akijua anamfungia nani, na akaubeba mzigo huo mpaka ukamwangusha.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Aprili. Miguu ilivimba, akawa anakwenda kazini na viatu visivyofungwa kamba, yeye aliyekuwa anapiga viatu rangi mpaka nyayo. Daktari akasema ni moyo, umetanuka na hausukumi tena kama zamani. Tarehe 19 Mei alilazwa. Wodini alikuwa akisikia kengele yoyote, hata ya kumwita muuguzi, anatafuta ufunguo kwenye shuka. Akiwa na akili zake aliogopa jambo moja tu. "Nikienda, utakaa hapa kwa jina la nani?" Nikamwambia kwa jina langu. Akasema jina langu halina karatasi. Siku ya mwisho akaniuliza, "Zile fomu ziko wapi?"

"Nimetandika kwenye kabati, chini ya sahani."

Akacheka. Akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, na mimi nikacheka naye, watu wazima wawili wenye hofu tupu. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho. Alifariki Ijumaa, tarehe 27 Mei 2022, saa tisa na dakika tano alasiri, nimemshika mkono, zikiwa zimebaki siku kumi na sita atimize miaka sitini na sita. Tangu siku hiyo begi liko nyuma ya mlango, limefungwa, na jioni hakuna wa kulifungua.

Marehemu ameacha mjane, mwana mmoja ambaye ni fundi umeme, binti mmoja ambaye ni muuguzi na ameolewa kule nilikozaliwa, wajukuu wanne, na dada mmoja ambaye ni huyo wifi yangu.

Binti hamtamwona kwenye viti vya familia. Aliondoka kwake Jumamosi. Tangu Jumapili yuko mpakani, kwenye chumba cha kusubiri, kwenye mabenchi, yeye na watu kama arobaini. Ruhusa ya zamani ya kuvuka imekwisha muda wake, mpya iko Bungeni, na askari hajui afungue kitabu kipi. Hawakumkataa. Wamemwambia asubiri. Jana alinipigia simu akasema: "Mama, msinisubiri. Baba asingesubiri." Asubuhi ya leo wamewaita watu kumi kwenye foleni, na yeye ni wa kumi. Kutoka mpakani mpaka hapa ni mwendo wa saa tano kwa gari.

Ratiba mliyoshika inasema maziko ni saa nane kamili. Mwanangu anayewasomea alinitazama nilipoandika hapa akaniambia, "Mama, asiyekuwepo na lake halipo. Maneno ya baba hayo."

Ni maneno ya baba yenu, na nimeishi nayo miaka arobaini na mitatu. Lakini leo ufunguo hana. Nimewaambia wachimbaji wakae kivulini na makoleo yalale chini. Saa nane ikipita, ipite. Mwenye safari yake aende, hatalaumiwa na mtu. Mimi nimekuja na kiti. Kesho, Alhamisi, watapiga tena kengele yao, ya sita hiyo, na sijui baada yake nitaambiwa niende wapi, wala kama nitaruhusiwa kuja kulipalilia kaburi hili. Kwa sababu hiyo silifungi leo kabla mtoto hajamwona baba yake.

Baba watoto, uliwahi kuniwekea kiatu mlangoni dakika arobaini. Changu hiki hapa, nimekiweka kwa ajili ya mwanao. Akishafika, ndipo upumzike kwa amani.