Mkuu wa Chuo Aliyesingiziwa Radi

Nani kati yenu mliokaa chini ya turubai hili hajawahi kusema, au kusikia akanyamaza, kwamba mama yetu ni mchawi? Msinyooshe mikono, baba paroko yupo, na mimi nimepewa kazi ya kusoma historia tu. Lakini historia hii bila neno hilo itakuwa ya mtu mwingine, na marehemu hakupenda kupakwa rangi, hata ya midomo hakupaka.

Mwalimu Avelina Sikazwe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika kijiji cha Ntendo, mtoto wa tatu wa Mzee Zenon Sikazwe na Mama Luciana, wakulima wa mahindi na ulezi, watu wa ng'ombe wachache na maneno machache. Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 hapo hapo kijijini, akaendelea na sekondari Tabora, akapita JKT kama wenzake wote, na mwaka 1978 akahitimu shahada ya elimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akarudi nyumbani na sanduku la vitabu, jambo lililowasikitisha shangazi zake waliotegemea vitenge.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa hapa Kizwite na marehemu baba yetu, Fransisko Malosha, bwana shamba, ambaye mpaka anafariki mwaka 2015 alikuwa akijisifu kwamba alioa mkuu wa chuo kabla chuo chenyewe hakijajengwa. Walijaliwa watoto watatu, Mathias, mimi Cornelia, na Faith.

Alifundisha sekondari kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1988 akakabidhiwa chuo cha maendeleo kule Nkasi, ambako siku ya kwanza aliwakuta wanachuo wakichota maji ya kuoga ya walimu, akauliza kama walimu wana ulemavu. Mwaka 1996 alihamishiwa Chuo cha Ualimu Kalembe, nje kidogo ya mji huu wa Sumbawanga, akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza, na kabla ya kujenga ofisi alitafuta fundi wa kuweka kinga ya radi juu ya kila bweni, chuma juu ya paa na waya wa shaba kushuka mpaka ardhini, maana mvua za Ufipa anazijua aliyezaliwa Ufipa.

Jumatano tarehe 4 Februari 2004, saa moja jioni, radi ilipiga bweni la wasichana. Paa liliungua, wanachuo watatu wakalazwa, wote wakapona, ingawa Nadhira, binti wa Mzee Hamidi mwenye malori, aliye hapa nasi, mpaka leo ukitaka akusikie kaa upande wake wa kulia. Kesho yake fundi alipanda akakuta waya wa shaba umekatwa kwa msumeno na umeondolewa. Mnadhani hilo lilimaliza maneno? Watu walisema, sasa mchawi atashindwaje kukata waya?

Kikao cha wazazi nilikuwepo. Mzazi mmoja alisimama akasema kwa upole kabisa, "Mkuu, shikamoo, sisi hatuna ugomvi na wewe, tuambie tu, umekosana na nani?" Mama akamjibu, "Marahaba. Nimekosana na mwenye msumeno." Watu wakacheka, wakaenda nyumbani, na Jumatatu wakaja kuwachukua binti zao. Mzee Hamidi peke yake alimrudisha wa kwake, akasema radi aliyoijua yeye haijawahi kutumwa, ingekuwa inatumwa angeituma kwa wafanyabiashara wenzake. Mwezi wa sita bodi ya chuo ilimwomba mama apumzike kwa ajili ya utulivu, nao utulivu ukapatikana, wa kwake ndio uliopotea. Sokoni wanawake walimpisha njia, si kwa heshima.

Mwaka 2006 alianzisha Taasisi ya Paa Salama, iliyoweka kinga za radi kwenye shule za uwanda huu wote, ikateremka mpaka Wampembe na Kipili kule ziwani, na ikasomesha mafundi wa kike waliozifunga. Mwaka 2012 masista walimwomba aongoze chuo chao kipya cha uuguzi, akawauliza swali moja tu, kwamba je, wamesikia anavyosemwa, wakasema ndiyo, akasema basi tutaelewana. Alikiongoza hadi mwaka 2019.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2022, akatibiwa hapa Sumbawanga na baadaye Mbeya. Jirani mmoja, kwa nia njema, alitushauri tumpeleke kwa mtaalamu ajue nani anamroga, mama akasema, "Mwambieni mchawi harogwi, ni mambo ya kazini." Lakini siku chache kabla ya kufariki hakutania. Alituambia kwamba aliyekata waya anamfahamu tangu mwaka ule ule, na jina hakutupa. "Mkimtaja ninyi utakuwa umbea mwingine tu. Aseme mwenyewe, nami nizikwe na jina langu." Hakuja mtu. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, nasi leo tunamzika na jina tulilonalo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wengi wao wanafunzi wake, inawashukuru majirani wa Kizwite kwa kuni, maji na kukesha nasi, inamshukuru Mzee Hamidi kwa usafiri, na kwa namna ya pekee inamshukuru Mwalimu Cleophas, aliyekuwa makamu wake Kalembe na akashika chuo baada yake, kwa viti mnavyokalia na kwa kuwa nasi tangu siku ya kwanza.

Yaliyofuata hayakuwa kwenye karatasi yangu, nimeyaongeza baadaye kwa ajili ya waliokuwa nje ya turubai. Mwalimu Cleophas alisimama, nikadhani anataka kuitikia shukrani, nikamwambia, "Baba, kaa tu, namalizia." Hakukaa. Alikuja mpaka mbele, nikampa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili na kuligeukia jeneza.

"Cornelia mwanangu, usinishukuru. Mkuu, nisamehe. Radi ilikuwa imeua ng'ombe wa jirani yangu, nikaogopa, nina watoto, nikasema nitaurudisha mvua zikiisha. Halafu ikapiga kule, nikaogopa zaidi. Walipoanza kusema ni wewe, nikaacha waseme. Pumzika sasa, dada yangu, hukuita radi yoyote. Waya niliukata mimi. Nikaufunga juu ya paa la nyumba yangu, na bado upo."